Elimu ya Jicho na Mkono: Habari za Mafundisho ya Sanaa, Tangu Baraza ya Kampala hata Kuta za Fort Hall

Msomaji afunguapo kitabu cha Yubile hutazamia kukuta habari za Maaskofu na mapadre waliotutangulia, na hesabu ya makanisa, na majina ya shule pamoja na mwaka ilipofunguliwa kila moja. Habari hizo ni njema, nazo zimeandikwa na wengine katika kurasa nyingine. Mimi nimepewa kazi ndogo, kuandika juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa mchezo wa watoto, yaani kuchora, kutia rangi, kuchonga na kufinyanga, na faida aipatayo mwanafunzi akifundishwa mambo hayo shuleni. Kila mwaka, siku ya wazazi, husimama mzee mmoja mwenye heshima zake akauliza, "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome, na nimeuza ng'ombe kwa karo yake, mbona naambiwa anachora?" Swali hilo ni la haki, na aulizaye hastahili kuchekwa. Karo ni jasho lake. Basi yafaa ajibiwe kwa habari za kweli, wala si kwa maneno matamu.

Kwanza tukumbuke ya kuwa sanaa haikuletwa na shule. Kabla ya shule kuwako, pwani walikuwako mafundi wa nakshi waliochonga milango ya Lamu na ya Unguja, na kijana aliyetaka kujua kazi ile alikaa na fundi miaka mingi, akianza kwa kufagia mabanzi. Waganda waligonga magome ya mti mpaka yakawa nguo laini. Wakamba walichonga vigoda na kuvipamba kwa nyuzi za madini. Wanawake katika nchi nyingi walifinyanga vyungu na kusuka vikapu, mama akimfundisha binti yake pasipo kengele wala daftari. Mtihani wao ulikuwa chungu chenyewe: kikipasuka motoni, mwanafunzi ameshindwa, na jamaa wote wamejua.

Wamisheni walipokuja walileta kazi za mikono nyingi. Bagamoyo, walikoweka makao Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa useremala na uhunzi pamoja na kilimo. Na Freretown karibu na Mombasa, iliyoanzishwa na C.M.S. mwaka 1875, kazi za mikono zilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Hizo zilikuwa kazi za kujengea nyumba na kupatia chakula, na faida yake ilionekana upesi. Lakini vitu vya kale vya kuchongwa wamisheni wengi waliviona kwa shaka, kwa kuwa vingine vilitumika katika matambiko, na vingi vilichomwa moto au kuchukuliwa hata nyumba za makumbusho za Ulaya. Yatupasa kusema kweli hata katika kitabu cha furaha: katika kuchoma huko vilipotea pia vitu visivyokuwa na kosa lolote. Tena kijana akafahamu, ijapokuwa hakuna aliyemwambia wazi, ya kuwa ufundi wa babu yake ni wa giza, na ufundi wa seremala wa Kizungu ndio wa nuru. Pengo lililofanyika hapo ndilo watu wa habari hizi walijaribu kuliziba.

Kuchora shuleni, pale kulipokuwapo, kulikuwa kunakili. Mwalimu huweka jagi juu ya meza, au huchora sanduku ubaoni, nao watoto 40 hulifuata mstari kwa mstari, na aliye karibu na la mwalimu ndiye apataye alama. Msomaji asidhani ya kuwa kasoro hiyo ilikuwa ya Afrika peke yake, maana katika Uingereza ilikuwa vile vile. Mjini Vienna mwalimu Franz Cižek alianza mwaka 1897 darasa la watoto la kuchora yaliyo moyoni mwao, na watu wengi wakamwona kuwa mtu wa ajabu. Huko Uingereza, mwaka 1912, Bibi Marion Richardson alianza kufundisha katika shule ya wasichana ya mji wa Dudley. Huyu hakuweka jagi mezani. Aliwaambia wasichana wafumbe macho, kisha akawaeleza kwa maneno jambo fulani, kama vile njia ya mjini wakati wa jioni, taa zilivyowaka, mvua ilivyong'aa juu ya mawe, watu walivyopita. Na wakiisha kuiona picha ndani ya akili zao ndipo wakafumbua macho wakachora. Kila mmoja alichora picha yake, wala hapakuwa na mbili zilizofanana. Mwaka 1917 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, na wastadi wakazistaajabia.

Baadaye Bibi Richardson alifundisha wanafunzi wa ualimu huko London, na mmojawapo alikuwa Margaret Trowell, aliyezaliwa mwaka 1904 na kusoma kwanza katika shule ya sanaa ya Slade. Bibi Trowell aliolewa na daktari, Hugh Trowell, wakaja Kenya mwaka 1929, wakakaa kati ya Wakamba huko Machakos. Watu wengi wa nchi za nje walipita Machakos wasione kitu ila vumbi. Yeye alikaa karibu na wachongaji, akatazama jinsi fundi anavyogeuza kipande cha mti mkononi kabla ya kutia chombo, kana kwamba akiuliza mti wataka kuwa nini. Mwaka 1935 mume wake alipelekwa Uganda, katika hospitali ya Mulago, nao wakahamia Kampala. (Daktari huyo naye ni mtu wa kukumbukwa, maana alijitahidi sana katika uchunguzi wa ugonjwa wa kwashiakoo unaowapata watoto wasiopata chakula cha kujenga mwili. Lakini habari zake ni za kitabu kingine.)

Makerere wakati ule ilikuwa bado changa. Ilianza mwaka 1922 kwa vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo, kisha ikaongezewa masomo ya uganga, ya ualimu na mengineyo. Kuchora hakukuwa na mahali ndani yake. Basi mwaka 1937 Bibi Trowell alianza kufundisha barazani pa nyumba yake. Hakuna aliyelazimishwa kuja. Walikuja waliotaka, baada ya masomo yao, wakakaa na karatasi na rangi. Alifuata njia ya mwalimu wake, lakini hakuwaeleza vijana habari za taa za London. Aliwaeleza mambo waliyoyajua, kama soko, shamba la migomba, watu wanaorudi kutoka kisimani, na hadithi za Biblia wakiziona kana kwamba zimetukia katika kijiji chao wenyewe. Kijana aliyekuwa amezoea kungoja mwalimu amwambie jibu alikaa kitambo na karatasi tupu mbele yake. Jibu halikuwa ubaoni. Ilimpasa alitafute ndani yake.

Natamani wazazi walitafakari jambo hilo dogo. Katika hesabu, jibu la mwanafunzi lafaa kuwa sawa na la jirani yake. Likiwa mbali, mmoja amekosa. Katika imla vivyo hivyo. Ni vizuri iwe hivyo, maana hesabu isiyo na jibu moja haijengi nyumba. Lakini mtu atakayekuwa mwalimu, au mzee wa kanisa, au karani wa chama cha ushirika, atakutana na mambo mengi yasiyo na jibu lililoandikwa nyuma ya kitabu. Shule zetu humzoeza wapi kukaa na karatasi tupu?

Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wale zilionyeshwa Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Uganda, na mwaka 1939 zikavuka bahari, zikaonyeshwa katika Taasisi ya Dola huko London. Hilo halikuwa jambo dogo. Miaka ile walikuwako Wazungu wengi, hata wenye elimu, waliodai ya kuwa Mwafrika aweza kuiga tu, wala hawezi kubuni. Picha na sanamu zile ziliwajibu pasipo ugomvi. Baraza ikageuka kuwa darasa la chuo, na darasa likakua hata likawa Shule ya Sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina la Margaret Trowell.

Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa Gregory Maloba, aliyezaliwa Mumias katika Kenya mwaka 1922. Huyu alikuwa mchongaji. Alisoma kwa Bibi Trowell, akasaidia kufundisha, akaenda Uingereza kuzidisha ujuzi, akarudi Makerere kuwa mwalimu wa wengine, na mwisho alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Afikaye Kampala huweza kuiona kazi yake kubwa njiani katikati ya mji: nguzo ya ukumbusho wa uhuru wa Uganda wa mwaka 1962, iliyo sura ya mama aliyeondokewa na vifungo, akimwinua mtoto juu, na mtoto ameinyosha mikono yake mbinguni. Watu hupita hapo kila siku na vikapu na pikipiki, na wengi hawajui jina la aliyeifanya. Wajue basi ya kuwa ni mwanafunzi wa barazani.

Sitaki kusimulia habari hizi kana kwamba watu wote walikubaliana. Palikuwa na mabishano makali juu ya swali hili: Mwafrika afundishwe sanaa gani? Katika Lagos, Bwana Aina Onabolu, aliyezaliwa mwaka 1882, alijitahidi miaka mingi kutaka kuchora kufundishwe shuleni, naye alitaka vijana wafundishwe hasa namna ya Ulaya, jinsi ya kuonyesha kitu cha mbali na cha karibu, na sura ya mtu ilivyo, kwa kuwa Wazungu walisema Mwafrika hawezi. Kumbe mwalimu Mwingereza aliyekuja Nigeria mwaka 1927, Kenneth Murray, alitaka kinyume chake: vijana waache ya Ulaya, warudie ufundi wa wazee wao. Mwafrika akidai ya Ulaya, na Mzungu akidai ya Afrika! Bibi Trowell alikuwa karibu na upande wa Murray. Aliogopa ya kuwa picha za Ulaya zitawameza wanafunzi wake kabla hawajapata sauti yao. Alipoondoka mwaka 1958, aliyeshika mahali pake, Cecil Todd, alifungua madirisha, akafundisha historia ya sanaa ya Ulaya na elimu ya rangi kwa njia ya sayansi.

Ni nani aliyekuwa na haki? Kwa maoni yangu Bwana Onabolu alisema neno ambalo walimu wageni hawakulisikia vema, yaani kumficha mtu kitu ili abaki safi ni namna ya kumdharau. Walakini Bibi Trowell naye aliona hatari iliyo kweli, na twaiona mpaka leo sokoni. Wakamba wa Wamunyu wana habari ya mzee Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hata 1918, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarudi kwao akaanzisha kazi iliyowalisha maelfu ya watu. Ni kazi ya halali, na mimi siidharau hata kidogo. Imesomesha watoto wengi kuliko vitabu vyangu. Lakini twiga mmoja akichongwa mara 1,000 kwa kipimo kimoja, mkono ndio uliofanya kazi, na jicho limelala. Shule haina haja ya kufundisha kulala.

Katika waliotoka Makerere, wawili walikuwa wana wa Kilimanjaro. Wa kwanza ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere, kisha Slade huko London, akafundisha Makerere. Picha zake zilikuwa za watu wa kwao kazini: wanapalilia, wanachota maji, wanajenga, wanasherehekea. Moja aliyoichora mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba kubwa la sanaa za siku hizi la New York. Wachagga wanajua jambo lile. Ni mbege tu, na njia ya mlimani, na giza. Wala hakwenda kutafuta habari za ajabu mbali. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alitumwa London kuwa Balozi wa nchi yake, na baadaye akasimamia mambo ya utamaduni serikalini, tena akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzazi aulizaye kama kuchora kwamfungia mtoto milango mingine na aipime habari hiyo.

Wa pili ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, na habari yake yatugusa sisi wa makanisa zaidi, hata nitakaa juu yake kidogo.

Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari katika Kenya, kanisa la Mtakatifu Yakobo lilijengwa Fort Hall, mji ambao sasa waitwa Murang'a, liwe ukumbusho wa Wakristo wa Kikuyu waliouawa kwa sababu walikataa kula kiapo. Miaka ile ilikuwa ya machungu kwa kila upande. Wengine wengi walikufa msituni, na kambini, na kwa kunyongwa, na hakuna jumba lililojengwa kwa ajili yao siku zile. Katika nyumba moja ndugu walikuwa huku na huku. Basi kuchora picha katika kanisa kama lile kulikuwa kazi nzito kuliko kupamba ukuta. Picha yo yote ingesema neno, na watu waliofiwa wangelisoma.

Njau, akiwa kijana aliyetoka Makerere, alichora kutani picha tano kubwa, akazimaliza mwaka 1959: Kuzaliwa kwa Bwana, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, na Kusulibiwa. Watu wote waliomo ni Waafrika, na Yesu Mwenyewe ni Mwafrika. Nchi ni nchi ya Wakikuyu, pamoja na vilima vyake, na miti yake, na nyumba zake. Leo mtoto wa Sunday school haoni ajabu. Lakini wakati ule, karibu kila picha takatifu iliyotundikwa katika makanisa yetu ilitoka Ulaya, na Bwana alikuwa na nywele za dhahabu. Aliyeketi katika kanisa lile, naye amezika mwana au mume, aliona Gethsemane iko chini ya miti aliyoijua. Hakuambiwa kwa maneno ni upande gani ulikuwa na haki. Alionyeshwa mtu wa nchi yake amepiga magoti usiku na kuogopa.

Hapo ndipo niwezapo kumjibu yule mzee wa siku ya wazazi. Njau hakuweza kuichora Gethsemane ile kwa kunakili; kwa kunakili angaliandika mizeituni. Ilimpasa awe amefundishwa kutazama kwa makini kilima kilicho mbele yake na uso wa jirani yake, na kukiamini alichokiona. Mwenyewe katika maisha yake alishika sana neno hili, akawaonya vijana ya kuwa kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Mwaka 1964 alianzisha nyumba ya sanaa ya Kibo huko kwao Marangu, na mwaka 1965, pamoja na rafiki zake, Paa ya Paa mjini Nairobi. Mwaka 1997 Paa ya Paa iliungua moto, na kazi nyingi sana zikapotea, naye akaendelea katika mabaki yake.

Wala si Makerere peke yake. Karibu na Bulawayo, Padre Edward Paterson alifungua shule ya Cyrene mwaka 1940, na pale kila mwanafunzi alijifunza kuchora, awe na kipawa au asiwe nacho. Kuta za kanisa la shule zilijazwa picha na wanafunzi wenyewe. Mmoja wao, Sam Songo, alikuwa amelemaa mwili, mtu ambaye shule nyingi za wakati ule zingalimrudisha nyumbani. Naye akajulikana mbali kwa picha zake. Mwaka 1947 Mfalme George VI alipozuru nchi ile alifika Cyrene kuziona kazi za vijana.

Sasa nije kwa faida, na hapa nataka kuwa mwangalifu, maana marafiki wa sanaa huahidi mno. Husemwa mara nyingi ya kuwa mtoto akichora atapata alama nyingi katika hesabu na kusoma. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Marekani, Ellen Winner na Lois Hetland, walikusanya uchunguzi mwingi uliofanywa kwa muda wa miaka 50, wakaupima, nao hawakuona uthibitisho wa kutosha ya kuwa kuchora kwaongeza alama za masomo mengine. Walichokiona wazi zaidi kilikuwa katika michezo ya kuigiza: watoto walioigiza hadithi darasani walizidi kuielewa na kuisimulia. Jambo hilo walimu wetu wa dini walilijua zamani, kila Krismasi, pasipo kupimwa na mtu. Marafiki wa sanaa wengi waliwakasirikia wataalamu wale. Mimi nawashukuru, kwa sababu wametuondolea neno la uongo tulilokuwa tukiwauzia wazazi.

Kisha wataalamu wale wale, pamoja na wenzao, waliingia katika madarasa ya sanaa kutazama ni nini hasa kinachofundishwa humo, wakaandika kitabu mwaka 2007. Walihesabu mazoea manane ya akili, na sitayataja yote. Moja ni kutazama mpaka uone usichokitazamia. Jingine ni kuiona kazi akilini kabla haijakuwapo. Jingine ni kuvumilia, kukaa na kazi iliyoharibika na kutafuta njia, badala ya kuichana. Mwalimu ye yote aliyewapa watoto udongo amewaona wakijifunza hilo la mwisho. Chungu kimeinama upande mmoja. Mtoto ataka kulia. Kisha akitia kidole ndani, akisukuma polepole, chainuka tena. Hakuna awezaye kumfutia kosa lake, na hakuna amwambiaye keti chini.

Tena kuna watoto ambao shule haiwaoni. Nilipokuwa mdogo, katika shule ambayo sitaitaja, palikuwa na mvulana aliyeketi nyuma, aliyepigwa fimbo kwa sababu ya kuchora ng'ombe katika daftari la hesabu. Ng'ombe zile zilikuwa hai. Ungeweza kusema ni ya nani kwa pembe zake tu. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyesema, "Mtoto huyu ameona kitu." Aliacha shule katika darasa la tano. Sisemi ya kuwa angalikuwa Maloba. Nasema tu ya kuwa jambo moja alilolijua kuliko sisi sote ndilo lililomtia katika adhabu, na sisi wengine tulicheka, nami nilikuwa mmojawapo.

Kikwazo cha leo si fimbo, ni mtihani. Katika Kenya, mpango wa masomo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na ufundi na muziki viliingizwa katika shule za msingi na kutahiniwa. Baadaye mitihani hiyo ikaondolewa, na kama ilivyo desturi, kipindi kisichotahiniwa huliwa na hesabu. Mpango mpya ulioanza kuingizwa mwaka 2017 umeipa sanaa nafasi tena katika ratiba. Katika Tanzania Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981 na kufanywa taasisi ya serikali mwaka 2007, kimetoa wachezaji, wapigaji muziki na wachoraji wengi. Lakini chuo kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kila darasa la kwanza. Kazi hiyo ni ya mwalimu wa kijijini, mwenye watoto 80 na chaki mbili. Yeye hutuambia ya kuwa hana rangi. Ni kweli hana. Lakini udongo uko mtoni, mkaa uko jikoni, na majani ya kusukia yako bondeni.

Tena kuhusu mwalimu asiye na rangi, iko habari ya Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akawa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya Makerere, kuanzia mwaka 1950 hata 1952. Alirudi Kenya, akaolewa, akalea watoto, akafundisha shuleni miaka mingi, na katika muda huo wote hapakuwa na mtu aliyemhesabu katika wenye sanaa. Alipostaafu, katika miaka ya 1980, alitaka kuanza tena, naye hakuwa na fedha za kununua rangi. Basi akachukua karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga, akazikata vipande vidogo vidogo, akavipanga kwa rangi zake, akavibandika kwa gundi hata vikawa picha za wanyama na za watu wa kijijini. Paa ya Paa ikampa mahali pa kufanyia kazi. Mwaka 1990 picha zile zilitundikwa New York, katika maonyesho ya sanaa za Waafrika yaliyofanywa Harlem, naye alikuwa mwanamke pekee kati ya waliochaguliwa. Alikuwa amekwisha kupita miaka 60. Alifariki mwaka 2021, na ukizitazama picha zake kwa karibu huweza kuona bado, katika shingo ya ndege au mkunjo wa kanga, herufi chache za jina la sabuni.